Midomo Ikifa Ganzi Baada ya Kula Samaki

Juma hili tunaongea juu ya samaki mwenye sumu. Wengine watasema: sisi tunakula ndagala na mukeke, mambo ya bahari yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kuko watoto wetu wanaotafuta maisha Muanda, na wengine Mombasa na Dar es Salaam. Tena samaki wa jamii ya bunju, yule anayejivimbisha kama mpira akishikwa, wako pia katika ziwa Tanganyika na mto Congo.

Bunju wa bahari hubeba sumu zaidi katika ini na mayai, mara nyingi hata katika ngozi. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Tumpike, tumkaange au tumkaushe, sumu inabaki.

Tutaitambua namna gani? Samaki aliyeoza huleta kwanza maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara. Sumu ya bunju hushika mishipa ya fahamu. Mara nyingi kabla ya saa moja kupita, pengine baada ya saa chache, midomo na ulimi vinawashwa kama sisimizi wanatembea, kisha vinakufa ganzi. Ganzi inafika usoni na kwenye vidole. Miguu inalegea, maneno hayatoki vizuri, mwishoni pumzi inakatika. Mwaka 1774, nahodha Mwingereza James Cook alionja kidogo tu ini na mayai ya samaki wa namna hii kule New Caledonia. Usiku ule mkono wake haukuweza kupambanua kitu kizito na chepesi. Yeye alipona, nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikufa.

Katika vituo vyetu vya afya hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha sumu hii upesi. Munganga anaitambua kwa dalili na kwa habari tunazomuletea: alikula nini, saa ngapi, nani wengine walikula, ganzi ilianzia wapi. Kwa hiyo tupeleke kichwa au mabaki ya samaki yule, yakiwa yamefungwa vizuri.

Hakuna dawa ya kuua sumu hiyo. Kinachookoa ni kusaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe. Basi tusipoteze wakati nyumbani. Tusimunyweshe maziwa wala mafuta ya mawese: koo limelegea, yataingia mapafuni. Tumulaze kwa ubavu na tumukimbize hospitali. Hata akiwa hawezi kusema wala kufungua macho, pengine anasikia yote. Tusimulilie kama maiti, tuongee naye.

Kuko jambo lingine linalotuuma. Watu wa sufuria moja wakianguka pamoja, mtaani wanasema mara moja: karuho! Na kidole kinaelekea kwa mama aliyepika, zaidi kama ni mjane, muke-mwenza au bibi mzee. Wamama, kabla ya kumutaja mutu, tuulize kwanza samaki alitoka wapi na alikuwa na sura gani. Ulizo hilo linaweza kuokoa mugonjwa, na linaweza kuokoa pia mama asiye na kosa.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama awaulize wauzaji wa samaki wa mtaa wake: yule wa kujivimbisha munamufanyia nini? Jibu zuri ni moja: asifike sokoni.