Namba Iliyokaa Miaka 92 Bila Kupimwa

Wako watu wanaodhani kwamba hesabu ni jambo la kodi, mshahara na bei ya mahindi tu. Lakini ipo namba moja, 4,294,967,297, isiyohesabu ng'ombe wala shilingi za mtu ye yote, nayo ilimpotosha mmoja wa mabingwa wakubwa wa hesabu katika Ulaya.

Namba hiyo huundwa hivi. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe, upate 4, nayo 4 uizidishe kwa yenyewe, upate 16, kisha 256, kisha 65,536, na mwisho 4,294,967,296. Sasa kila moja uiongeze 1, ukianzia ile 2. Utapata 3, 5, 17, 257, 65,537, na hiyo kubwa tunayoisimulia. Zile tano za kwanza ni namba tasa, yaani hazigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mtu wa mahakama katika mji wa Toulouse, na ambaye hesabu kwake ilikuwa burudani tu, aliandika mwaka 1640 ya kwamba zote zinazofuata ni tasa vile vile. Ushahidi kamili hakuwa nao, na hilo alilikiri. Lakini jina lake lilikuwa kubwa, na kuipima namba yenye tarakimu kumi si mchezo: mtu akienda kwa kupapasa itampasa ajaribu namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, nazo ni zaidi ya 6,500.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, alionyesha kwamba 641 huigawanya namba ile pasipo kubaki kitu. Jibu ni 6,700,417. Mwenye shaka na ashike kalamu: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 41 ni 274,717,097, ajumlishe.

Baadaye Euler alieleza njia. Namba tasa yo yote iwezayo kuigawanya hiyo, yenyewe ikigawanywa kwa 64 lazima ibakize 1. Basi tazama 65, 129, 193, na kuendelea. Ukiziondoa zisizo tasa, za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Mara ya tano tu, mlango umefunguka! Na ajabu ni kwamba kanuni hiyo hutoka katika sheria aliyoiandika Fermat mwenyewe mwaka ule ule wa 1640. Ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Hata leo, pamoja na nguvu zote za kompyuta, haijapatikana namba tasa nyingine katika safu hiyo baada ya 65,537. Wala hajatokea mtu wa kuthibitisha kwamba haipo.