Vyeti vihakikiwe kidato cha tano

Mwaka 1937 Julius Nyerere aliingia Shule ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, kwa kuwa Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Leo kijana wa Urambo au Sikonge, mkoani Tabora, ana vyuo vingi vya kuchagua. Chujio, hata hivyo, bado lipo, na halikomei kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA).

Tangu 2017 mwombaji wa chuo kikuu hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. Bodi ya Mikopo (HESLB) nayo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Herufi moja ikitofautiana na jina la shuleni, mtoto wa mkulima wa tumbaku anaweza kupoteza mwaka mzima, alama zake nzuri mkononi. Isitoshe, matokeo ya kidato cha sita yakitoka wengine wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mzazi ndiye anayehangaika steshenari kujaza maombi.

Misafara ya Ujiji na Bagamoyo ilipumzika hapa Tabora kupanga upya wapagazi na mizigo. Nasi tujipange mapema kabla ya safari ya chuo. Wakuu wa shule, kagueni majina na vyeti wanafunzi wakiwa kidato cha tano. RITA, wafuateni shuleni.