Masomo ya Wanafunzi Bora na Kahawa ya Karagwe

Tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023, Serikali imekuwa ikiwagharimia vijana waliofaulu vizuri kupita wenzao katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita, ili wasome vyuoni sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba bila ya kubeba deni. Ufadhili huo waitwa Samia Scholarship. Mwaka 2025 ukaongezwa mpango wa vijana 50 wa kusomea sayansi ya data na akili unde. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Nchi isiyowatunza wenye vipaji vyake huwatunzia wengine. Lakini ukiisoma orodha ya masomo hayo huku umesimama Kayanga au Nkwenda, swali moja halikuachi: ni nani kati ya vijana hao atakayeyasoma mambo ambayo Karagwe na Kyerwa huishi kwayo?

Yafaa kwanza tuondoe utata wa maneno. Hatusemi habari za shahada ya heshima, ile wanayovishwa wakubwa pasipo kuketi katika mtihani. Twasema juu ya shahada ya mwanafunzi aliyefanya mtihani akawashinda wenziwe, yenye madaraja tuliyoyarithi kwa Chuo Kikuu cha London: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenye wastani wa 4.4 hadi 5.0 hupewa daraja la kwanza. Hesabu hiyo hupima namna mwanafunzi alivyojibu maswali. Haipimi kama maswali yenyewe yalistahili kuulizwa.

Wazee watakumbuka kwamba chuo chetu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 na somo moja tu, sheria. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kazi ikagawanywa: sheria Dar es Salaam, udaktari na kilimo Makerere, uhandisi Nairobi. Mpango ule ulivunjika mwaka 1970, kwa kuwa kila nchi ilitaka kuwa na vyote nyumbani kwake, wala hatuulilii. Hata hivyo ulikuwa na wazo moja zuri, kwamba mahali paweza kupewa somo lake na kutazamiwa kulijua kuliko mahali pengine popote.

Wazo hilo sasa lina nafasi ya kurudi. Kwa mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipanga kujenga kampasi mkoani Kagera, katika Wilaya ya Bukoba. Majengo ni mwanzo tu. Ikiwa yatakayofundishwa humo ni nakala ya yale ya Mlimani, basi kijana wa Murongo atakuwa amefupishiwa safari ya basi, basi.

Mambo yaliyoko pale si haba. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba mibuni ya robusta mkoani Kagera ilikuwa ikifa kwa ugonjwa wa mnyauko. Katikati ya miaka ya 2000 ukaingia mnyauko wa migomba uletwao na bakteria, nao ukawa msiba wa nyumba kwa nyumba, kwa sababu katika nchi hiyo mgomba ndio chakula, ndio kivuli cha mbuni, ndio mbolea yake. Watafiti wa Maruku walifanya kazi kubwa, na leo kuna miche ya robusta inayostahimili mnyauko. Lakini watafiti ni wachache na mashamba ni mengi.

Tena mbuni una mambo ya uchumi ambayo hayajapata mwanafunzi wa kutosha. Kwa miaka mingi mkulima mwenye shida aliuza kahawa yake ikiwa bado maua, biashara inayoitwa butura, na ilipoiva ikawa mali ya mwenye fedha. Nyingine ilivuka mpaka usiku kwenda Uganda. Serikali ilipiga marufuku mara nyingi, ikakamata magari, ikaweka vizuizi. Mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale. Siku hizi kahawa hupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha KDCU, ikauzwa kwa mnada. Je, mnada umeondoa butura, au umeibadilisha sura? Mkulima anayehitaji karo mwezi wa Januari hukopa wapi? Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili ya daraja la kwanza. Hayajibiwi kwa amri ya mkuu wa wilaya.

Wala tusidhani kwamba wanafunzi bora ni wa sayansi peke yake. Speke na Grant walifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwezi Novemba 1861, na tangu hapo ufalme ule umeandikwa sana na wageni. Israel Katoke alitoa kitabu cha historia ya ufalme huo mwaka 1975; Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaandika kamusi na sarufi ya Runyambo. Nani anafuata? Kijana anayetaka kuendeleza kazi hiyo hayumo katika orodha ya kufadhiliwa, hata awe na alama za namna gani.

Katika chuo cha Swarthmore, Marekani, mkuu wake Frank Aydelotte alianzisha mwaka 1922 utaratibu wa wanafunzi bora: darasa dogo, mijadala mingi kuliko mihadhara, na mwishoni wakatahiniwa na watu wa nje ya chuo. Kampasi ya Kagera yaweza kufanya hivyo na watahini wake wawe watafiti wa Maruku, wahasibu wa ushirika na wanahistoria. Mwanafunzi aandike utafiti wake kutoka shambani Kaisho au sokoni Omurushaka.

Wako watakaosema kwamba kilimo kina chuo chake, Sokoine, Morogoro. Ni kweli, na chafanya kazi yake. Lakini mgonjwa akiwa Kyerwa, darasa la Morogoro liko mbali na kitanda chake.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwamba kuwatenga wanafunzi bora ni kuzaa tabaka. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, naye akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Hofu ile haijafa. Nasi twasema mwanafunzi bora apewe kazi ngumu zaidi, asipewe chumba kizuri zaidi. Na achaguliwe kwa haki: mtoto wa shule ya kata isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia hashindani na wa shule ya mjini, hushindwa kabla ya mtihani.

Mitaala ya vyuo hupitishwa kwanza na seneti, kisha na Tume ya Vyuo Vikuu, na kuibadilisha baadaye ni kazi ya miaka. Kwa hiyo madiwani wa Karagwe na Kyerwa, pamoja na KDCU, wasingoje kualikwa kwenye sherehe ya kukata utepe. Wakae wayaandike maswali yao, wayapeleke Mlimani sasa.