Miongozo Mitatu, Majibu Matatu

Mtetezi wa kuandika miongozo mitatu ya programu moja anasema msomaji wa karatasi, wa simu na wa tovuti wana mahitaji tofauti, basi kila mmoja aandikiwe wake. Mahitaji hutofautiana, ndiyo, lakini katika umbo. Maelezo ni yaleyale, na kupanga kurasa ni kazi ya mashine.

Halafu anadai kunakili marekebisho kote ni kazi ya dakika tano. Dakika tano za nani? Katika zahanati moja upande wa Siakago, Embu, nilishika mwongozo wa karatasi uliotaja kitufe kwa jina lililokwisha kubadilishwa. Karani alikuwa ameandika jina jipya pembeni kwa kalamu nyekundu. PDF kwenye simu yake ilikuwa na jina la tatu. Tovuti ndiyo iliyokuwa sahihi, na siku hiyo mtandao ulikuwa umepotea. Zile dakika tano hakuna aliyezitoa, kwa sababu hakuna akumbukaye kurekebisha mara tatu.

Eti kutumia chanzo kimoja, yaani faili moja ya kutolea miongozo yote, ni anasa ya kampuni kubwa! Pandoc, programu ya kugeuza faili za maandishi kuwa miundo mingine, haiuzwi, na inafanya kazi bila intaneti kwenye kompyuta kuukuu. DHIS2, programu ambayo Kenya inakusanyia takwimu za afya tangu 2011, miongozo yake huandikwa kwa Markdown, maandishi ya kawaida yenye alama chache, na faili hizohizo hutoa kurasa za tovuti na PDF. Sahihisha jina la kitufe mara moja, kisha chapa upya. Karani ana ripoti ya mwezi ya kufunga; hana muda wa kuamua ugomvi wa miongozo.