Omorogi Yuko Wapi?

Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, kina mama wanne wa umri mkubwa walichomwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Mei 2008 watu 11 waliuawa vivyo hivyo Kisii. Sisi vijana wa mjini huandika "RIP" na kuendelea na maisha. Likizo ikifika tunaenda ushago, tunaambiwa, "Usipite kwa yule nyanya, ni omorogi." Tunazunguka boma lake, kimya. Mimi pia nimezunguka.

Sasa nauliza: huyo omorogi yuko wapi?

Jibu bora nililopata ni la Wabudha. Katika kitabu chao cha kale, Maswali ya Milinda, mtawa Nagasena anamuuliza mfalme kuhusu gari lake la kukokotwa. Chukulia ni matatu ya Kisii–Nyamira. Matatu ni tairi? Hapana. Injini? Hapana. Viti? Hapana. "Matatu" ni jina tu la vitu hivyo vikikaa pamoja. Mtu naye ni hivyo: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia, fahamu. Vyote vinabadilika kila siku, na ukivipekua hupati kiini kilichojificha.

Lakini ili umchome mtu, lazima uamini kiini kipo: kwamba ndani ya nyanya kuna uchawi usiotoka ila kwa moto. Mpekue basi. Utapata uzee, ujane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na pengine kipande cha shamba ambacho mtu anakimezea mate. Hayo ndiyo tumeyabandika jina "omorogi".

Utaniambia: kama hakuna nafsi ya kudumu, basi hata waliochoma hawana kesi, si ndio wale tena. Wapi! Nagasena alishajibu: mwizi wa maembe hawezi kujitetea eti aliyoiba si yale yaliyopandwa. Yametokana na yale. Aliyewasha kiberiti jana ndiye chanzo cha huyu wa leo, hata kama ameokoka.

Na kuna jina lingine la kufunguliwa boneti: "wananchi wenye hasira". Hilo nalo ni matatu. Nani alitaja jina la nyanya? Nani alileta petroli? Nani alishika simu akirekodi? Nani alijua mapema akanyamaza?

Omorogi hatutampata. Hao wengine tunawajua, na baadhi yao ni sisi.