Mchezo Ambao Haukufika Dukani: Kazi ya Mwanamke Haipotei kwa Kuwekwa Kabatini



Leo tunakuja na mada ambayo huenda hukuitarajia katikati ya habari zetu za singo, magauni na malezi. Tunazungumzia mchezo wa video. Tena si ule uliouzwa ukavuma dunia nzima, bali mchezo ulioandikwa Marekani mwaka 1978, ukawekwa kando, na haukupata hata siku moja ya kukaa kwenye rafu ya duka. Unaitwa Polo. Aliyeuandika ni mwanamke, Carol Shaw, na ndio uliokuwa mchezo wake wa kwanza kazini.

Tumeuchagua kwa sababu mashoga wengi mnatuuliza swali moja kwa maneno tofauti: nilichokianza kabla ya harusi, nikakiacha njiani, je, ndio basi? Kuna aliyesomea kompyuta akaishia mwaka wa pili. Kuna aliyekuwa na daftari lake la mishono, na kuna aliyebuni manukato yake mwenyewe lakini hakuuza hata chupa moja. Msimamo wetu tunausema mapema: kazi ambayo haikufika sokoni si kazi iliyopotea, na mwenye haki ya kwanza ya kuithamini na kuitunza ni yule aliyeifanya.

Tuanze na mchezo wenyewe.

Manukato, farasi na kompyuta

Carol Shaw alizaliwa mwaka 1955 California. Alisoma uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1977 na ya uzamili mwaka 1978. Mwaka huohuo akaajiriwa na Atari, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za michezo za kuunganisha na televisheni nyumbani. Hakuwa mwanamke pekee wa zama hizo. Mwaka 1976 Joyce Weisbecker alikuwa tayari ameandika michezo kwa ajili ya mashine ya kampuni ya RCA, na baadaye Carla Meninsky naye alifanya kazi Atari. Lakini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Atari wakati huo ilimilikiwa na kampuni kubwa ya Warner, na Warner ilikuwa pia na biashara ya manukato pamoja na mbunifu wa mitindo Ralph Lauren. Mwaka 1978 yakatoka manukato ya kiume yaitwayo Polo, yale ya chupa ya kijani. Likaja wazo: uandikwe mchezo wa video wa polo, wachezaji juu ya farasi wakikimbiza mpira kwa magongo, ili usaidie kuyatangaza manukato hayo. Kazi akapewa Shaw.

Tukumbushane kidogo hapa kwamba polo si mchezo mgeni kwa Waislamu. Wafalme wa Uajemi na India waliucheza kwa karne nyingi, na katika uwanja mkuu wa Isfahan nguzo za mawe za magoli bado zimesimama. Mshairi Nizami, katika karne ya 12, alimwonesha Shirin na wanawake wenzake wakiucheza juu ya farasi. Kwa hiyo mwanamke na polo walikutana zamani sana kabla ya Atari.

Shaw aliuandika mchezo. Farasi wakakimbia kwenye skrini. Lakini Polo haukutolewa. Mpango wa kuuambatanisha na manukato haukufika mwisho, na mchezo ukabaki katika toleo la majaribio.

Angalia kilichotokea hapo. Sababu ya kuwepo kwa mchezo ule ilikuwa tangazo la manukato. Tangazo lilipoondoka, mchezo ukakosa pa kusimama, hata kama mkono ulioutengeneza ulikuwa hodari. Ndivyo ilivyo kwa mambo yetu mengi. Mtu huona kazi yake imekwama, akajihukumu kuwa yeye ndiye dhaifu, kumbe uamuzi ulifanyika kwenye meza ambayo yeye hakukaribishwa.

“Wewe utafaa kwenye mapambo”

Shaw amewahi kusimulia kwamba siku moja Ray Kassar, aliyekuwa mkuu wa Atari, alipita maabara akafurahi kuona wamepata mbunifu wa kike. Akasema kwa furaha kuwa sasa wana mtu wa kutengeneza michezo ya kulinganisha rangi za vipodozi na kupamba nyumba. Alipoondoka, wenzake Shaw wakamwambia asimjali, aandike mchezo anaoutaka.

Sasa sisi katika blogu hii tunapenda vipodozi na tunapenda nyumba iliyopambwa, alhamdulillah, na hatuoni aibu. Mwanamke anayejua kupanga chumba cha bibi harusi ana ujuzi wa kweli. Kosa halikuwa kwenye mapambo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukishamwona mtu ni mwanamke, umeshajua akili yake inaelekea wapi.

Shaw hakugombana. Aliandika mchezo wa nukta na misalaba wa tabaka nne, ambapo mchezaji anapaswa kufikiri juu na chini kama anayepanga vyombo kwenye kabati. Akaandika mchezo wa drafti. Hiyo ni michezo ya hesabu na subira, na mashine iliyotumika ilikuwa ndogo mno. Ile Atari ya nyumbani, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu. Hiyo ni nafasi ndogo kuliko SMS moja! Ndani ya nafasi hiyo mashine ilitakiwa ikumbuke kete zilipo, zamu ni ya nani, na hatua inayofuata.

Kisha akahama Atari, na baadaye akajiunga na kampuni ya Activision. Mwaka 1982 ukatoka mchezo wake River Raid, wa ndege ndogo inayoruka juu ya mto mrefu. Mchezo mzima ulikaa kwenye baiti 4,096. Makala haya unayoyasoma yana herufi zaidi ya mara mbili ya hizo. Mto wote usingeweza kuingia humo, kwa hiyo Shaw hakuuhifadhi mto. Alihifadhi kanuni ya hesabu inayouzaa upya mto uleule kila mchezo unapoanza. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja.

Lakini tusiharakishe kusema, “Ahaa, kumbe alifanikiwa, ndio maana mnamsifu.” Huko ndiko tunakokosea. Polo ulikuwa na thamani yake hata kama River Raid usingekuwepo. Mkono unaoandika mchezo wa nne umefundishwa na ule wa kwanza. Shule ile haikufutika kwa sababu duka halikuiona.

Vitu vinavyofifia taratibu

Polo hauko peke yake. Zama zile za mwanzo zimejaa michezo iliyokaribia kumalizika ikaachwa. Mwaka 1983 soko la michezo ya video Marekani lilianguka vibaya. Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500 mwaka huo, na ikazika shehena ya bidhaa zake kwenye jaa la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Mwaka 2014 watu walifukua sehemu ya jaa hilo na kuikuta michezo chini ya udongo. Soko lilipoanguka namna ile, kazi nyingi zilizokuwa mezani zilisimama palepale zilipofika.

Matoleo ya majaribio yalihifadhiwa kwenye chipu maalumu zenye kidirisha kidogo cha kioo juu yake. Ukitaka kuifuta chipu, unaimulika kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha hicho, kisha unaandika upya. Ili isifutike kwa bahati mbaya, kidirisha kilibandikwa karatasi, na mara nyingi juu ya karatasi hiyo mtu aliandika kwa kalamu jina la mchezo na tarehe. Karatasi ikibanduka na chipu ikakaa kwenye mwanga, kilichomo hupotea. Hata ikikaa gizani, chaji zilizobeba maandishi huvuja kidogokidogo kwa miaka mingi, mpaka siku moja hakuna kitu.

Ndiyo maana wako watu waliojitolea kutafuta chipu hizi kwenye maboksi ya wafanyakazi wa zamani na kunakili yaliyomo kabla hayajafifia. Kwa juhudi za namna hiyo Polo haukupotea. Leo mtu anaweza kuucheza kwenye kompyuta yake. Na mwaka 2017 Shaw mwenyewe alikabidhi hazina yake kwa makumbusho ya michezo ya The Strong, mjini Rochester, New York: michezo, programu zilizochapwa kwenye karatasi, michoro na nyaraka za kazi zake. Mwaka huohuo akatunukiwa heshima katika tuzo za The Game Awards.

Fikiri: karibu miaka 40 baadaye, bado alikuwa na karatasi zake. Hakuzitupa. Hakusema, “Nani atazitaka?”

Wako watakaosema ni upuuzi

Tunajua baadhi yenu mtasema michezo ya video ni lahau, inakula wakati wa sala na wa familia, na tunaisifia nini? Hoja hiyo tunaiheshimu. Hatukuiti ukacheze usiku kucha, na mama mwenye watoto anajua vizuri vita vya kuzima TV. Tunachozungumzia ni kazi: mwanamke aliyekaa, akafikiri, akatengeneza kitu kwa umakini.

Wengine watasema si kila jaribio linafaa kuhifadhiwa, mengine ni mabovu tu. Ni kweli. Katika michezo iliyoachwa ipo ambayo ukiicheza unaelewa mara moja kwa nini iliachwa. Lakini anayehifadhi hafanyi hivyo kwa sababu kila kitu ni kizuri. Anahifadhi ili ijulikane njia ilipita wapi. Ukimwonesha binti yako kofia uliyomaliza kushona, atakusifu. Ukimwonesha ile ya kwanza yenye matundu yaliyokwenda kombo, atajifunza.

Na dini yetu imeshatutoa kwenye utumwa wa soko. Sote tunajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu mtu mwenye mche mkononi na Kiyama kinasimama: akiweza kuupanda, na aupande. Mche ule hautatoa kivuli wala tunda, na hakuna wa kuununua. Bado ameambiwa apande. Katika Surat Al-Imran Mwenyezi Mungu anatuhakikishia kwamba amali ya mwenye kutenda, awe mwanamume au mwanamke, haipotei Kwake. Anayeamini hivyo, vipi ajione bure kwa sababu kitu chake hakikupata mteja?

Kwa bibi harusi wetu

Shaw ameolewa na Ralph Merkle, mwanasayansi maarufu wa kompyuta, na hadi leo kazi zake zinajulikana kwa jina la Shaw. Kwetu Waislamu hilo si geni. Mwanamke wa Kiislamu anaolewa na anabaki na jina la baba yake, na mali yake inabaki yake. Sheria imempa hilo tangu zamani. Basi na kazi ya akili yake aichukulie hivyohivyo: ni sehemu ya alichonacho anapoingia nyumbani kwake.

Kwa hiyo, shoga, unapopanga sanduku la harusi, usiweke khanga na udi peke yake. Lile daftari la mishono liingie. Zile karatasi za masomo ziingie. Kama ulianza kuandika programu, inakili mahali pawili. Andika jina lako na tarehe juu yake, kama walivyofanya wale wa chipu, maana kitu kisicho na jina hukosa mwenyewe haraka. Na kabla ya akdi zungumza wazi na mchumba wako kuhusu unachotaka kuendelea nacho na lini. Mume mwema hatachukia kujua mkewe ana nini mkononi. Ni afadhali maneno hayo yasemwe kabla ya ndoa kuliko kunung'unikiwa chumbani miaka kumi baadaye.

Huenda ukaitoa kazi hiyo baada ya watoto kukua. Huenda usiitoe kabisa. Uamuzi huo ni wako na familia yako, na kulea ni ibada kubwa ambayo hatuidharau hata kidogo. Tunachokuomba ni kimoja tu: usiifute kwa mkono wako mwenyewe kwa kuwa wengine hawakuiona.

Mwenyezi Mungu azitakabali amali zetu, zilizoonekana na zilizofichika, na awajaalie maharusi wetu nyumba zenye utulivu na waume wenye kuthamini. Amin.