Pimeni Uji Kabla ya Mtoto

Mtoto wa Kataboi, kando ya Ziwa Turkana, amegeuzwa gunia la mahindi. Anatundikwa kwenye mizani, namba inasomwa, inaandikwa, gari linawashwa na vumbi linatimka kuelekea Kalokol na Lodwar. Miezi kadhaa baadaye namba ile inaibuka ukutani katika hoteli ya Nairobi, imepangwa chini ya namba ya mtoto wa Kiambu na ya mtoto wa nchi ambayo mama wa Kataboi hajawahi kuisikia. Turkana iko mkiani. Wajumbe wanatikisa vichwa kwa huruma, kisha wanakwenda kunywa chai.

Huruma hiyo imenichosha.

Mwaka 2013 na 2014, Shirika la Takwimu la Kenya likishirikiana na UNICEF lilifanya Turkana, Bungoma na Kakamega ule utafiti wa kaya unaofanywa katika nchi nyingi kwa dodoso linalofanana. Utafiti huo ulikuwa na maswali kumi kuhusu mtoto wa miaka mitatu au minne. Mtoto mwenyewe haulizwi kitu. Anaulizwa mama au mlezi. Je, anatambua au kutaja angalau herufi kumi? Anasoma angalau maneno manne rahisi? Anazijua namba moja hadi kumi kwa majina na kwa alama zake? Anaweza kuokota kwa vidole viwili kitu kidogo kama kijiti au jiwe?

Swali la jiwe, liulizwe pale! Kaskazini ya Kataboi, huko Lomekwi, ndiko zilikochimbuliwa zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zilizopata kutangazwa duniani, na habari zake zilichapishwa mwaka 2015. Mawe yameokotwa na kupasuliwa ufuoni mwa ziwa hili kabla binadamu wa aina yetu hajaumbika. Bado karani alitumwa kuuliza kama mtoto wa hapa ana vidole vya kuokotea.

Lakini cheko liishie hapo, kwa sababu swali la herufi si la kucheka. Katika awi, boma la familia, ambamo hakuna aliyekwenda shule, maandishi yaliyopo mara nyingi ni yale yaliyopigwa chapa kwenye magunia ya msaada na makopo ya mafuta ya kupikia. Mama akijibu “hapana” amesema kweli. Wala sitaki kuimba ule wimbo mtamu wa kwamba mtoto wetu anamjua kila mbuzi kwa pembe zake. Anamjua, sawa, lakini mbuzi hawatampeleka shule ya upili. Herufi anazihitaji kama anavyozihitaji mtoto wa mitaa ya Karen au Muthaiga kule Nairobi. Ugomvi wangu ni huu: “hapana” ya mama inaandikwa upande wa mtoto, kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa kujipelekea kitabu.

Mwaka 2015 dunia ilipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, lengo la 4.2 liliahidi kwamba ifikapo 2030 kila mtoto atapata malezi na elimu ya awali ili awe tayari kwa shule ya msingi. Tangu hapo vipimo vimeota kama uyoga. UNICEF iliyaacha yale maswali kumi na mwaka 2020 ikatoa mapya ishirini. Shirika la OECD, lenye makao Paris, liliwapima watoto wa miaka mitano wa Uingereza, Estonia na Marekani mwaka 2018, wakicheza na vishikwambi pamoja na wahusika wawili wa kuchorwa, Tom na Mia. Mtoto wa Uingereza katika umri huo yuko darasani tayari. Wa Estonia anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba. Wataalamu wa malezi, akiwemo Profesa Peter Moss wa London, walikuwa wamepiga kelele tangu 2016 kwamba ulinganishaji wa namna hii unafuta mila na falsafa za malezi za kila nchi. Ikiwa matajiri wale wanalalamika, sisi tunyamaze kwa adabu gani?

Nendeni Kakuma muone jinsi kipimo kinavyopinda. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, madarasa yake yamekusanya watoto wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na wenyeji Waturkana, na darasa la chini lenye watoto zaidi ya mia moja halimshangazi mtu. Mpime mtoto wa Kivu kwa Kiswahili, lugha aliyonyonya pamoja na maziwa, kisha umpime Mturkana aliyeanza kukisikia Kiswahili wiki chache zilizopita. Mgeni atamwacha mwenyeji mbali. Amemzidi akili? Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 sera yetu imesema madarasa ya mwanzo yafundishe kwa lugha ya eneo. Sera ina umri wa kuitwa bibi, na mtoto wa Kataboi bado anangoja vitabu vya kutosha vya Kiturkana.

Kuna kipimo kimoja ninachokiheshimu, na akina mama wa Turkana wanakijua kuliko maprofesa. Ni ule mkanda wa kupima mkono wa mtoto kliniki. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, mkanda unasoma nyekundu, na hapo anayepima ameshashikwa: lazima mtoto aandikishwe na apewe tiba ya lishe. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba amepata alama mbaya ya mkono. Rangi nyekundu ni amri kwa mkubwa. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipofululiza kutuangusha, mkanda ule uliokoa maisha kwa sababu nyuma yake palikuwa na pakiti ya chakula.

Nionyesheni pakiti iliyo nyuma ya kipimo cha herufi. Mtoto akionekana hayuko tayari kwa shule, nani anafungwa na jibu hilo, afanye nini, kufikia lini? Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea na kuiachia serikali kuu shule ya msingi. Basi alama zikiwa mbovu, Lodwar inaelekeza kidole Nairobi kuhusu mgao wa fedha, Nairobi inairudishia Lodwar kidole hichohicho, na katikati kuna mwalimu wa chekechea wa mkataba, asiyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), akisubiri mshahara huku watoto wakisubiri uji.

Najua jibu lililoandaliwa: bila takwimu, Turkana itasahaulika. Ni hoja nzito na siipuuzi. Watafiti wa mpango wa Uwezo walipoanza mwaka 2009 kupita nyumba kwa nyumba wakiwasomesha watoto hadithi ya darasa la pili, waliwaaibisha mawaziri waliokuwa wakijisifu kwa wingi wa madawati. Pimeni basi, lakini mpime pande zote mbili. Mbinu ipo tayari: UNESCO, UNICEF, Benki ya Dunia na Taasisi ya Brookings walianzisha mwaka 2014 mpango wa MELQO, na Tanzania ikawa miongoni mwa waliouonja. Una sehemu mbili, moja ya kumpima mtoto na nyingine ya kupima mahali anapofundishwa. Hiyo ya pili ndiyo isiyotamkwa na wanasiasa wetu. Alama za mtoto hazimgharimu mkubwa kitu. Alama za darasa zinadai saruji, maji na mishahara.

Watu wa ufuo huu wana sababu ya kushuku vipimo vya wageni. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol kwa fedha za Norway kilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi kwa muda mfupi mno, kwa kuwa gharama ya kugandisha ilizidi bei ya samaki. Kisha Ghuba ya Ferguson ikakauka. Mahesabu yalikuwa mazuri sana kwenye karatasi, na lawama zikabaki kwa Waturkana, eti hawapendi uvuvi.

Kwa hiyo dodoso lijalo lianzie ofisi ya elimu ya kaunti pale Lodwar. Je, afisa anaweza kutaja angalau vituo kumi vya chekechea ambavyo havikupata uji muhula huu? Anajua ni walimu wangapi hawajalipwa, na kwa miezi mingapi? Maji yako umbali gani kutoka kituo cha Kataboi? Anafuata maagizo rahisi ya bajeti, au huvurugwa akili upesi zabuni inapotangazwa? Wizara Nairobi nayo ikae kwenye kiti hichohicho na ijibu kuhusu vitabu. Halafu chifu aitishe baraza Kataboi, majibu yasomwe kwa Kiturkana, ofisi kwa ofisi na jina kwa jina, na mama yeyote mwenye swali la nyongeza apewe nafasi aulize.